Upande wa Mjomba Masanja

Juzi mjukuu wangu Neema alinipeleka Bujora kwenye ngoma, na harufu ya ngozi za ngoma zikipashwa moto ikanirudisha kwa mama. Alikuwa akitupeleka wanawe sote kwenye mashindano ya ngoma: Kabula, Shija na mimi. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, na lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Siku moja wapinzani wa kundi la mjomba Masanja walitoa chatu, uwanja mzima ukakimbilia kwao. Mjomba akabaki anacheza mbele yetu sisi wanne tu.

“Mama Kabula, unaogopa nyoka?” wanawake walimcheka.

“Naogopa, jamani!”

Nikamwamini, nikaona aibu. Nilisahau kwamba wiki ileile aliua swila jikoni kwa mchi.

Juzi chatu alipotolewa watu walihamia huko, mimi nikabaki na vijana wa kundi lililoachwa.

“Bibi, unaogopa?”

“Sana, mjukuu wangu.”