Za Siku Moja au za Mwezi

Macho yangu ni mabovu tangu utotoni. Nisipovaa kitu, mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba kwangu ni rangi ya nguo yake tu, na kama kavaa nyeupe na ukuta nao ni mweupe, basi hayupo. Miwani yangu ilikuwa mizito kiasi cha kuniachia mashimo mawili puani. Nilipoolewa nikahamia Bagamoyo, mume wangu akanipeleka Dar nikapimwa lenzi, zile za kubandika juu ya jicho lenyewe. Nilipewa za mwezi. Asubuhi unazivaa, jioni unazitoa, unazisugua kwa dawa yake na kuzilaza kwenye kikasha chenye vyumba viwili, cha kulia na cha kushoto, mpaka mwezi uishe uzitupe na kufungua nyingine.

Kazi ya kuzilaza aliichukua yeye. Alisema haiingii akilini mtu asiyeona amimine dawa kwenye kitundu kidogo namna ile, nusu inaishia mezani. Aliziita wapangaji wangu. Tukishaswali isha aliniuliza kutoka barazani kama wapangaji wameshatoka, nami nikampelekea kiganjani huku napapasa ukuta kwa mkono wa pili. Tuliishi hivyo miaka mingi katika nyumba ya mama yake, Mji Mkongwe, nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi. Mungu hakutujaalia watoto.

Alifariki asubuhi, dukani, akimpimia mteja misumari. Walisema ni moyo. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Waliponiita niliinuka, nikaiegemeza mbuzi ukutani, nikanawa mikono, kisha nikaenda. Baadaye wanawake walilizungumza sana hilo, kwamba nilinawa kwanza.

Sikulia. Sikulia siku ile, wala wakati wa kuzika, wala kwenye khitma. Sikuwa nimejikaza, kama wengine walivyodhani kwa kunionea huruma. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na nilikuwa nikingoja kuchomwachomwa kule kunakokuja ganzi inapoachia, hakuji. Siku ya pili ya msiba mama mmoja mnene aliyekuja kutoka Kiwangwa aliikalia miwani yangu ya akiba niliyoiweka mkekani. Aliposikia imevunjika alilia kuliko alivyomlilia maiti, na mimi ndiye niliyembembeleza. Kwa hiyo nikabaki na lenzi tu.

Nikawekwa eda. Nguo nyeupe, wanja hakuna, manukato hakuna, kutoka hakuna, miezi minne na siku kumi. Wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye kila jambo kwake lina hukumu, alianza kuuliza kama lenzi si pambo. Akatumwa mtu kwa mwalimu wa madrasa. Mwalimu akauliza kama zina rangi. Hazina. Akauliza kama bila hizo naona. Sioni. Akasema basi mwacheni mwenzenu aone. Wifi hakuridhika. Akaja na lingine, kwamba huenda ni hivyo vidude vilivyoziba machozi, ndiyo maana ndugu yake hakupata kuliliwa na mkewe. Alilisema mbele yangu. Nikamwambia huenda.

Mama mkwe wangu ndiye aliyemnyamazisha. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na sijapata kumwona akiwa na mikono mitupu. Ama anachambua mchele, ama anasuka ukili. Marehemu alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Yeye alilia mpaka sauti ikakauka. Jioni ya kwanza watu walipokwisha kutawanyika, baada ya isha, alikuja akasimama mlangoni mwa chumba changu na kuunyoosha mkono.

“Nipe,” alisema.

Nikampa. Alikuwa amemwona mwanawe akiifanya kazi ile miaka yote na aliijua vizuri. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila jioni, anazipokea, anakwenda nazo chumbani kwake, na asubuhi ananiletea kikasha kimejaa. Sikumshukuru. Siku zile neno langu lilikuwa moja tu, sawa. Kula kidogo, sawa. Kaoge, sawa. Geukia ukutani wanaume wapite, sawa.

Jicho la kulia lilianza kama lina mchanga. Kisha likawa jekundu, kisha mwanga ukawa unaniumiza hata ule wa dirisha dogo. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo linalotokea kwenye jicho, si kwangu. Asubuhi mama aliponikuta nimejifunika ushungi mpaka puani aliufunua mwenyewe, akatazama, akatoka kwenda kutafuta gari. Wifi alisema mwanamke wa eda hatoki. Mama akamjibu kwamba matibabu hayana eda, na kwamba yeye kamkalia eda baba yao kabla wifi hajajua kufunga kilemba cha mwanasesere, hafundishwi. Tukaondoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti tangu msiba. Njia nzima mama alikaa nyuma pamoja nami, amekishika kichwa changu begani kwake ili jua lisinipate. Pale Zinga watu walikuwa wanauza mananasi kama siku zote. Niliwaona kwa jicho moja na sikuwaza kitu.

Daktari wa macho kule Dar alikuwa binti kijana, kajitanda vizuri. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba, akauliza kwao ni wapi, yakaulizwa na mengine ya kawaida. Kisha daktari akaitoa lenzi ya kushoto, niliyoivaa peke yake asubuhi ile, akanitia rangi kwenye jicho bovu na kunimulika kwa taa ya buluu. Alitazama kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, kile cha mbele kabisa, na kimesababishwa na vijidudu vinavyoishi majini. Kovu lake ninalo mpaka leo. Alisema tumewahi, ila dawa isipofuatwa naweza kulipoteza jicho.

Nikasema sawa.

Aliacha kuandika. Aliniuliza kama nimemsikia. Nilisema nimesikia, jicho naweza kulipoteza. Sikuwa najifanya jasiri. Ningeambiwa wakati ule kwamba la pili nalo linakwenda, ningemjibu vilevile, nikamuuliza kama tunaweza kurudi nyumbani.

Akageukia jinsi ninavyozitunza. Nikamwambia zinalala kwenye dawa yake. Akauliza, dawa peke yake? Nilikuwa naanza kusema ndiyo, mama akajibu kutoka nyuma yangu.

“Dawa na Zamzam,” alisema.

Alilisema bila wasiwasi, kama mtu anayetaja viungo vya pilau. Akaeleza yote. Ana dumu lake la maji hayo matakatifu ya Makka, aliloletewa na nduguye alipokwenda hija, analihifadhi kabatini nyuma ya nguo. Kila jioni akishamimina dawa huongeza Zamzam kidogo katika kila chumba cha kikasha, akasoma Fatiha, akafunika. Alianza siku aliyosikia watu wanasema sina machozi. Yeye hakuamini kwamba simlilii mwanawe. Aliona macho yamefungwa, yanataka kufunguliwa.

Daktari aliiweka kalamu mezani. Alimwambia taratibu kwamba Zamzam ni ya kunywa, mama, hata mimi nikiipata naomba dua na kunywa. Lakini lenzi ya mwezi inafyonza chochote inacholazwa ndani yake, kisha inakigandamiza jichoni kutwa nzima. Maji yaliyofunguliwa yakakaa, yawe ya bomba, ya kisima au ya wapi, hayakosi vijidudu, na havina madhara tumboni ila jichoni vinakula.

“Kwa hiyo ni mimi,” mama alisema.

Daktari akamwambia hakuna aliyekusudia.

“Sikuuliza kukusudia, mwanangu.”

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, jicho linatiririka rangi ya njano, na nilijua hapo ndipo ninapopaswa kugeuka na kumshika mkono. Nilijua kama unavyojua jibu la hesabu. Sikugeuka.

Nadhani daktari naye ilimwelemea, maana alihamia haraka kwenye jambo la lenzi mpya. Sitazivaa mpaka jicho lipone, lakini namba yangu ni kubwa, haikai dukani, inaagizwa, kwa hiyo nichague mapema. Za siku moja au za mwezi? Akatoa maboksi mawili akayaweka mbele yangu. Za siku moja unafungua asubuhi, unatupa jioni. Hakuna kikasha, hakuna dawa, hakuna cha kulaza. Za mwezi ni kama nilizozizoea, kwa masharti kwamba tone la maji lisizikaribie tena. Kwa hali yangu yeye angeshauri za siku moja, lakini aliwahi kupata wagonjwa waliozichukua na kushindwa kuzitupa, wakawa wanazivaa siku tatu nne, jambo ambalo ni baya zaidi. Ndiyo maana alitaka niseme mwenyewe.

“Sawa,” nilisema.

“Sawa zipi?”

Tangu mume wangu aanguke hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nataka nini. Azikwe wapi, khitma iwe lini, nguo zake apewe nani, yote yalipangwa na nikaletewa yakiwa tayari, na ilikuwa nafuu. Sasa nimewekewa maboksi mawili madogo, moja la kijani na moja jeupe, na kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria lililokwanguliwa. Nilimgeukia mama. Alikuwa anatazama sakafu.

“Achukue hizo za kutupa,” alisema. “Mkono wa mtu usiingie tena.”

Daktari alisema anataka kulisikia kwangu, si kwa mama. Akaniandikia dawa ya matone ya kutiwa kila saa, akanipa namba yake, nimtumie ujumbe kabla ya jioni.

Kurudi, mama alipanda mbele kwa dereva.

Nilikuwa nyuma peke yangu, nimefunikwa jicho kwa pamba, natazama kisogo chake. Tulipokuwa tumeshaipita Bunju nikagundua kwamba nimekasirika. Nilimkasirikia yeye. Kwa nini hakuniuliza? Jicho ni la nani? Ilikuwa hasira ya kitoto, ya mtu aliyechukuliwa kitu chake, na kwa jinsi nilivyokuwa sina chochote ndani nilikaribia kuifurahia. Niliiacha ikae. Na katika kukasirika huko nikaona kwamba jicho langu nalitaka. Nilikuwa nimelitoa sadaka asubuhi ileile mbele ya daktari, na sasa nalitaka, lile na mwenzake. Nilishangaa sana.

Nikafikiri za mwezi. Nikizichukua, mama ataendelea kusimama mlangoni baada ya isha na kuunyoosha mkono, tutamwekea sharti la dawa peke yake, na atalifuata, maana si mtu wa kurudia kosa. Nikichukua za siku moja, jioni natupa kwenye ndoo, imekwisha, na yeye hatakuwa na la kufanya kwangu. Alichorithi kutoka kwa mwanawe kilikuwa kile tu. Nilizunguka na mawazo hayo mpaka Kerege. Lakini jicho halikuwa kitu cha kumliwazia mtu. Nikaisogeza simu mpaka puani, nikaandika kwa daktari, za siku moja, nikatuma kabla hatujafika Zinga.

Nyumbani nilimwambia mama. Alisema ndiyo bora, akaenda jikoni. Wifi alikuwa amekwisha rudi kwake. Tulibaki wawili katika nyumba nzima.

Saa ya dawa ilipofika nilijaribu mwenyewe. Kwa mtu mwenye macho yangu kichupa kile ni kivuli tu, sijui mdomo wake uko wapi. Tone la kwanza lilianguka kwenye nyusi, la pili kwenye mto wa kulalia. Nikamwita. Alikuja akasimama nje ya pazia, mikono kaificha ndani ya kanga.

“Mkono wangu haufai,” alisema.

“Sina mwingine, mama.”

Nililisema kama taarifa, kama mtu anayesema unga umekwisha. Lakini lilipokwisha kutoka nikalisikia, na kule kuchomwachomwa kwa ganzi inayoachia kukanijia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Naye alilisikia. Nilisikia ndala zake zikienda uani, kisha bomba, kisha sabuni ikifikichwa kwa muda mrefu kuliko udhu wowote. Bomba likafungwa. Ukapita muda tena, ndipo pazia likasukumwa kwa bega. Kwangu alikuwa rangi ya kanga na mikono miwili iliyoinuliwa juu, anaiacha ikauke yenyewe, hataki kugusa hata taulo.

Akakaa kitandani, nikalaza kichwa kwenye mapaja yake. Alilifungua jicho langu kwa vidole viwili. Tone likaanguka, nikalisikia linapita pembeni na kushuka mpaka sikioni.

“Limeingia?” aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Neno langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni.

“Halijaingia,” nilisema. “Tia tena.”