Kiti Kilichobonyea

Fundi Sindano hushona viti vya magari katika kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Ana maringo ya kazi, wala hayafichi. Ukimpelekea kiti kilichobonyea atakisukuma kwa kiganja, atasonya, kisha atakwambia urudi kesho kutwa. Anachookota chini ya kiti hukitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kumrudishia mwenyewe, hata kiwe hereni moja isiyo na mwenzake.

Safari hii gari lilikuwa la kwao, lile jeupe ambalo marehemu baba yake alizeeka nalo. Mama yao alikuwa ameanguka mara mbili akiwa peke yake nyumbani. Sindano na dada yake walimbembeleza mpaka wakachoka, ndipo akakubali kuhamia kwa binti yake, kwa sharti moja: apelekwe kwa gari la mzee. Akikosa hilo, habanduki.

Sindano akajitosa kazini. Ndani ya kiti cha nyuma alikuta kifungo cha sare ya shule na gololi ya bluu. Kwa ajili ya gololi hiyo aliwahi kumnunia dada yake muhula mzima. Akampelekea kopo.

"Haya dada, kumbe hukuiba."

"Miaka yote hiyo nimeitwa mwizi!" Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Piga magoti kabisa."

Kiti cha dereva ndicho kilichomtia aibu. Kilikuwa kimedidimia vibaya upande mmoja, ule wa karibu na abiria. Aling'oa sponji kuukuu, akaichanachana kujazia mito ya wateja, akaweka mpya iliyo ngumu na kuvuta ngozi ikakaza kama ngoma. Alijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kumsifu.

Siku ya kuhama, mama alisaidiwa kuketi mbele. Mlango haujafungwa, akanyoosha mkono kukipapasa kiti cha dereva. Akakibonyeza, akakibonyeza tena. Uso ukamshuka.

"Nani kamwondoa hapa?"

"Kiti kilikuwa kimeharibika, mama," Sindano akasema.

"Kimeharibika nini? Alikuwa anakaa upande wangu, tunaongea. Mmempeleka wapi?"

Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje. Dada alimshika bega, mama akautoa mkono ule.

Sponji ilikuwa imetawanyika kwenye mito ya watu ambao Sindano hakuwakumbuka hata sura, na jambo hilo lilimuuma sana.

"Nisamehe, mama. Siwezi kuirudisha sponji ile."

Mama alimtazama mwanawe, tumbo lile lile la baba yake likisukuma vifungo vya shati. Kisha akaurudisha mguu ndani.

"Basi ingia wewe. Na usikae wima kama uko mbele ya bosi. Sogea huku."

Aliingia, akaegemea upande wa mama yake kwa uzito wake wote. Kiti hakikubonyea hata kidogo. Alikuwa amekishona vizuri mno.