Eda Katika Nyumba ya Kupanga

Notisi ya kuhama ilikuja kwanza, kifo cha baba kikafuata. Nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, Unguja, tuliipanga tangu kabla sijazaliwa, kwa makubaliano ya mdomo na mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao na baba. Mzee alipofariki mwanawe akairithi, na huyo hakuwa na habari na bao. Alitaka kuigeuza nyumba ya wageni, na alitaka iwe tupu kabla watalii hawajaanza kumiminika. Baba alikuwa keshaanza kuulizia chumba mtaa wa Kikwajuni. Asubuhi moja akaanguka bafuni, na alasiri yake akazikwa.

Nilipofika kutoka Marekani nilimkuta mama ni kizuka, yaani amekaa eda: miezi minne na siku kumi asitoke katika nyumba aliyofiwa ila kwa dharura, asijipambe, asijionyeshe kwa wanaume ovyo. Siku ya kuhama ilikuwa inaangukia katikati ya eda. Niliijua habari hiyo mlangoni, hata begi sijalitua.

Mimi huko Marekani nimepanga sana. Nimepanga kwa ajuza mmoja katika mji wa baridi kali, chumba cha chini ya nyumba. Ajuza yule akisikia bomba linatoa maji tu, alikuwa akishuka ngazi kuniuliza naoga mara ngapi. Nikahamia kwenye majumba marefu yaliyojaa Wasomali, ambako ukipika kila mtu anajua, na futari zilipishana milangoni mpaka sahani zangu sikujua tena ziko kwa nani. Pale nilipapenda. Kodi ikapanda, nikaishia kitongoji cha watu wanaokata nyasi kila Jumamosi, nilikoandikiwa onyo kwa kuanika kanga mbele ya nyumba. Kote huko, siku ya kutoka ikifika unatoka. Niliwahi kuona vyombo vya jirani vimetolewa nje, kochi, mito, baiskeli ya mtoto, vimerundikwa kwenye nyasi na mvua inanyesha, watu wanapita wanakwenda kazini. Hakuna hata dirisha lililofunguliwa.

Basi akilini nilikuwa nikikiona kitanda cha mama kichochoroni vile vile, na mama mwenyewe pembeni yake katika nguo zake za eda, wapita njia wanamkodolea macho. Niliogopa, nasema kweli. Na mimi nikiogopa huwa mkali.

Nikampigia simu shekhe. Akanijibu kwa upole kwamba mwenye nyumba akimtoa kizuka, kizuka anaruhusiwa kuhamia pengine na kumalizia huko. Nilikimbilia chumbani na habari hiyo kama nimeokota dhahabu. Mama alikuwa juu ya msala wa kuswalia, hakunyanyua hata uso.

"Akinitoa," alisema. "Mimi hajanitoa mtu."

"Mama, notisi hiyo hapo!"

"Karatasi hiyo. Mwanangu, humu nliletwa biarusi, na humu nnamkalia eda baba'ako. Hili ndilo jambo la mwisho nnalomfanyia. Nikifukuzwa ntatoka. Kutoka kwa miguu yangu sitoki."

Nilimfuata mrithi, nikamkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, adabu tele. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Dada, wewe umekaa Marekani. Mambo ya mikataba unayajua kuliko mimi. Mafundi nshawaita, msimu haunisubiri. Mama namheshimu, lakini siku iliyoandikwa ntakuja kutoa vyombo."

Kilichonikera zaidi ni hiki. Kwa maneno yangu yote, neno lake lilikuwa lile lile nililolitii katika kila nyumba niliyopanga. Nilirudi nyumbani napiga milango. Siku zilizobaki nililala vibaya, kila mkokoteni ukipita kichochoroni nashtuka.

Asubuhi ya siku yenyewe, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye sauti ya kuita meli, alichungulia dirishani kwake akaniuliza mbona nimevimba macho. Nikamwambia. Akafunga dirisha. Nikajua ndiyo hivyo, na hapa pia watu wamekuwa wa kufunga madirisha.

Haikupita muda mrefu akaingia na msahafu wake. Nyuma yake wakaingia wengine wawili. Kisha wengine, mpaka wa kutoka mitaa ya Ng'ambo waliopigiwa simu, kila mmoja na buibui lake, wanavua viatu mlangoni, wanakaa mikekani kuanzia ukumbini mpaka kizingiti cha chumba cha mama. Wakaanza kusoma. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mlango wa nje waliuacha wazi kabisa.

Mrithi alikuja na mahamali wawili na mkokoteni. Nilisikia magurudumu yanasimama.

"Hodi!"

Kisomo kikakatika. Hakuna aliyejibu. Nilifungua mdomo nimwage yote niliyoyaweka moyoni, jirani akanishika mkono, akanibana hasa, kucha zikaniingia.

"Hodi, jamani!"

Viatu vyote vile vya kike alikuwa anaviona. Nyumba ni yake, mlango wazi, na mtu wa kumzuia hayupo. Lakini mwanamume aliyelelewa Unguja haingii penye wanawake hajaambiwa karibu. Akipiga hodi ya tatu asijibiwe, anaondoka. Au labda huyu wa siku hizi haondoki. Sikujua. Hamali mmoja akakohoa.

"Hodi," alisema mara ya tatu, na sauti ilikuwa imeshuka.

Kimya. Ndipo mama akasema kutoka nyuma ya pazia, pole pole, "Mwanangu, siku zangu hazijesha. Ukitaka kunitoa, ingia unitoe."

Niliona kivuli cha mrithi kwenye sakafu ya mlangoni. Hakikusogea mbele, wala nyuma. Nilitamani kumpigia magoti na nilitamani kumrushia kiatu.

"Naam, mama," alisema mwishowe. "Niwie radhi."

Magurudumu yakaanza kurudi yalikotoka. Wanawake wakaendelea na kisomo pale pale walipoachia, na mimi nikaenda jikoni kupika chai ya watu wote, nikamwaga sukari.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi. Nilidhani sasa tutaanza vita ya kubaki. Nilikuwa nimejitayarisha, nilikuwa na hoja. Yeye akaniambia nimpigie simu mwenye nyumba. Vitu vyake alikwishavifunga mwenyewe, na chumba cha Kikwajuni alikwishamtuma jirani akakisemee.

Mrithi alikuja peke yake, safari hii bila mahamali. Akasimama mbali kidogo na mlango.

"Hodi."

"Karibu, baba," mama alisema, akainuka akampa funguo mkononi. "Pita ndani. Nyumba yako hii."

Nikaangua kilio mbele ya yule kijana, na mama ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.