Dada Nyangi na Kofia ya Nyaya

Watu wa Mwitongo, kwetu Butiama, walikuwa wakimletea dada yangu Nyangi mtama awapepetee, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa hodari. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na miguu ikawa inaganda kila anapofika mlangoni. Kanisani walinong'ona kwamba anakunywa gongo. Nilikuwa nakaa karibu naye, uso unaniwaka.

Daktari wa Musoma alituambia ni ugonjwa wa Parkinson. Ubongo una njia za kupeleka amri kwenye viungo, akasema, na zake zimevurugika; akampa dawa. Miezi baadaye watafiti walifika hospitalini hapo kupima njia hizo, ili siku moja waweze kuzituliza kwa umeme mdogo. Walimkubali dada, ila aje bila kumeza dawa, ili ugonjwa uonekane wenyewe, na aje leo, maana kesho wanaondoka.

Tulipoingia chumba cha vipimo, aliyeshika kofia ya nyaya za kupimia ubongo alikuwa Evance, mume wa binti yake; na kwetu mkwe hamwoni mama mkwe kichwa wazi, wala hamgusi.

"Debora, turudi," dada alininong'oneza. "Huyu huwaga anakuja nyumbani, napitia nyuma ya jiko asinione. Leo anivue kitambaa?"

Evance alikuwa ameshageukia ukuta. "Mwenzangu wa kazi yuko Bunda, mama mdogo," aliniambia. "Mvalishe wewe, nitakuelekeza."

"Mwambie mkwe asigeuke," alisema dada.

"Sigeuki, mama, hata nyumba ikiungua."

Nikamvua kitambaa, nikambania kofia juu ya mvi zake chache. Evance alitazama kompyuta tu. Mistari ilirukaruka.

"Ile nini?" dada akauliza.

"Ubongo wako, mama."

"Yesu wangu! Namficha kichwa, kumbe anaona mpaka ndani!"

Kicheko kilitaka kunitoka, nikakimeza.

Kisha akatakiwa atembee hadi mlangoni. Nilimfuata, nyaya zimenijaa mikononi. Kizingitini miguu iliganda, mwili ukaendelea mbele. Evance aliruka, akamdaka, akamkumbatia kifuani. Kichwa cha dada kilikuwa bila kitambaa chini ya kidevu cha mkwe wake.

Alimkalisha kitini, akageukia tena ukuta.

"Mistari imeingia yote kwenye kompyuta," alisema kwa sauti ndogo. "Hata pale ulipoganda, mama. Ndipo watafiti wanapopatafuta."

Nilimvua dada kofia. Alimeza dawa, akajifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Garini, tulipokaribia Butiama, aliniuliza:

"Alinishika wapi?"

"Begani, dada."

"Basi?"

"Basi," nilisema, nikatazama dirishani.