Damu ya Awuor wa Milimani

Mwaka wa 1988 niliambiwa damu yangu iko chini, na hakuna mtu alikuwa amenidunga sindano.

Usicheke bado.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, naishi Kaloleni, nachezea shule netiboli. Tulikuwa tumefuzu kwenda Nakuru. Nakuru, bana! Mimi mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Awasi.

Sasa msichana mmoja akazimia uwanjani. Mwalimu Shitanda, kocha wetu, akaogopa. Akasema kila mchezaji apimwe damu Jumamosi kwa zahanati. Ikiwa mbaya, unabaki.

Mama alinitazama juu mpaka chini. Nilikuwa mwembamba kama mwiko.

"Yawa! Hii mifupa ndiyo daktari ataona? Watasema mimi Benta sipikii watoto!"

Jumamosi asubuhi akanituma Awasi, ati nilete mtama. Niliporudi nikitaka kukimbilia zahanati, akaniambia, "Tulia. Ushapimwa."

"Nimepimwa saa ngapi?"

"Ukiwa Awasi."

Kumbe alimpeleka binamu yangu wa Milimani. Huyo alikuwa mnene, mashavu yanang'aa, kwao ni soda na mkate wa siagi kila siku. Na sote tunaitwa Awuor.

"Sijadanganya mtu," Mama akasema. "Si anaitwa Awuor?"

Jumatatu Mwalimu Shitanda akaniita kando.

"Awuor, damu iko chini, sukari imepanda. Nakuru huendi."

Woi! Nililia mpaka kamasi. Nikafika nyumbani nikipiga kelele, "Damu ya Milimani imeniua!"

Mama akajifunga leso, akanivuta mkono mpaka zahanati, akamwambia muuguzi, Sister Jentrix, kila kitu.

"Kwani damu ni sufuria, mnaazimana?" Sister akafoka.

Akanidunga kidole. Nilingoja, naona Nakuru inaenda.

"Hii ndiyo damu sasa! Wewe hula nini?"

"Omena," nikasema kwa aibu, maana hivyo ni visamaki vya maskini. "Na mboga chungu."

"Endelea hivyo. Safari unaenda. Na huyo binamu aletwe leo, atibiwe."

Niliruka! Mama akainuka acheke na mimi, akashika ukuta. Sister akamvuta kope, akaangalia ndani ya jicho.

"Kaa hapa, Mama. Lete kidole."

Damu ya Mama ilikuwa chini kuliko ya Awuor wa Milimani.

"Na wewe hula nini?"

Mama akajifanya anakaza leso. Mimi ndiye nilijua jibu, na lilinichoma. Sisi watoto tukimaliza samaki na mboga, yeye hukwangua ukoko wa ugali na kuteremsha na chai ya rangi. Tukimuuliza, anasema ameshiba. Na tulikuwa tunamwamini!

Nakuru nilienda. Tulichapwa, magoli hata sitaki kutaja. Lakini usiku wa kuamkia safari nilikataa kugusa chakula mpaka Mama ajipakulie samaki kwanza. Alinitukana vizuri sana, halafu akala.

Wewe unayesoma hapa, mama yako akikuambia ameshiba, muulize ameshiba nini.