Dobi wa Reli ya Magogo

Miaka thelathini na moja alifua mashuka ya hospitali, na mtaa mzima ulimjua kwa jina moja tu: Dobi. Doa kwake lilikuwa adui. Mgeni akimwaga chai mezani, kitambaa kilifika kabla mgeni hajasema samahani. Ndiyo maana majirani walicheka mpaka machozi waliposikia kwamba uzeeni mumewe amempa kazi ya kuchafua vitu.

Mumewe, waliyemwita Breki, ujana wake wote alifunga breki kwenye treni iliyoshusha magogo kutoka msituni hadi kiwandani. Alipostaafu akaanza kuijenga reli ile upya, ndogo, juu ya meza iliyojaza chumba walichokuwa wakilala watoto. Injini ilienea kiganjani. Vilima alivifinyanga kwa magazeti na plasta. Miti aliitengeneza kwa waya na sponji. Kila kitu kilikaa mahali pake, ila kiling'aa kama cha dukani. Kabla hajaanza kukizeesha kwa kutu na masizi, presha ya macho ikamwahi. Lilitangulia kupofuka jicho la kushoto, mwaka uliofuata na la kulia.

"Mama," alimwambia mkewe asubuhi moja, "nikopeshe macho yako."

"Macho nitakukopesha. Lakini mimi na uchafu, mzee, tuna kesi ya siku nyingi."

Basi mzee akawa anakaa kwenye kigoda kando ya meza, anaelekeza. Chaki ya kahawia isagwe iwe unga, ndiyo kutu. Ianzie kwenye misumari iteremke na maji, maana kutu haipandi. Masizi yakae juu ya paa la injini na kuzunguka bomba la moshi. Mataruma, zile mbao zinazobeba reli, yapakwe wino uliozimuliwa, yawe ya kijivu, kwa kuwa mbao iliyoachwa juani haiwi nyeusi. Behewa la kwanza Dobi alilipaka kwa hasira. Mzee akalipapasa, vidole vikazama kwenye chaki.

"Hili limezeeka au limezikwa?"

Wakacheka kama vijana. Lakini mkono wa Dobi ukazoea upesi. Ajuaye doa linavyotoka anajua pia lilivyoingia, na baada ya mwezi hakuhitaji kuambiwa mvua hupiga upande gani wa ukuta.

Wakafika kwenye kona iliyo chini ya mahali pa kupakilia magogo. Breki akatoa mfukoni mtu mdogo aliyemchonga kwa njiti ya kiberiti.

"Mbandike pale, mbali na behewa la mwisho. Asiwe karibu nalo hata kidogo."

"Ni nani huyu?"

"Kaka."

Kaka yake alipondwa na magogo miaka arobaini iliyopita. Watu wote walijua mnyororo wa kuyafunga ulikatika.

"Mnyororo haukukatika," Breki alisema. "Breki sikuikaza. Baridi ilikuwa kali, nikakimbilia moto, nikajiambia nitarudi sasa hivi. Behewa likateleza, likamfikia na magogo yake."

Dobi alitia gundi, akambandika yule mtu, akamshikilia mpaka akakauka.

"Yuko mbali?"

"Yuko mbali."

"Haliwezi kumfikia?"

"Haliwezi, baba. Tulia."

Mvua zilipoanza, Breki alishikwa na kichomi, na hakumaliza wiki.

Baada ya msiba, mjane wa kaka yake alikuja kuiona meza iliyosifiwa na kila mtu. Mwanamke huyo alilea watoto wanne kwa cherehani, na kila Jumamosi yeye na Dobi walikunywa chai pamoja. Aliizunguka meza polepole.

"Nilikuwa nimesahau kwamba palikuwa pazuri hivi," alisema. Kisha akainama. "Na huyu anayesimama peke yake?"

Dobi angeweza kusema ni kibarua tu. Neno hilo lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akasema kweli yote.

Mjane akakaa kwenye kigoda cha marehemu.

"Wewe ulijua lini?"

"Miezi mitano sasa."

"Na kila Jumamosi ukanimiminia chai."

"Ndiyo, dada."

"Miaka yote, mpaka macho yalipozima, mumeo alikuja kunipasulia kuni. Nikawa namwombea maisha marefu." Aliinuka, akaingiza ukucha chini ya miguu ya yule mtu, akambandua pamoja na kipande cha plasta. Akamfunga kwenye pindo la kitambaa chake. "Huyu ni wangu."

Dobi alimsindikiza hadi mlangoni. Mwenzake hakugeuka nyuma.

Hawatembeleani tena. Wakikutana sokoni, mmoja husema, "Hujambo, dada," mwingine hujibu, "Sijambo," na kila mmoja hushika njia yake. Watoto wao wameuliza mara mbili kuna nini, wameambiwa ni mambo ya wakubwa, wao wenye mvi tayari.

Mezani palibaki kilima kimoja ambacho hakijaguswa, kile cha nyuma ya kiwanda, kilichojaa visiki vya miti iliyokatwa. Breki hakuwahi kusema kisiki kinakuwa na rangi gani baada ya miaka kumi, na mtu wa kumuuliza hakuwapo. Siku moja Dobi akakivuta kigoda, akazimua wino mpaka ukawa wa kijivu, akaanza na kisiki kilichokuwa karibu naye.