Mluzi Ndani ya Gari la Mwalimu Taratibu

Mwalimu huyu wa udereva wanafunzi walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo lilimtoka hata usingizini, na mkewe ni shahidi. Alikuwa na gari moja dogo jeupe na sifa moja kubwa mtaani: kwake hakuna mwanafunzi aliyezimisha gari. Uachie klachi utakavyo, gari linaondoka. Taratibu aliamini ni ufundishaji wake, akawa anatembea kifua mbele.

Kasheshe ilianza na mama mkwe. Alipoacha kazi ya ushonaji aliamua naye ajifunze kuendesha, na nani wa kumfundisha kama si mkwewe? Taratibu akakaa kando yake kwa adabu zote, mikono mapajani. Walipokaribia kona, mama mkwe akainua mguu kutoka kwenye pedali ya mafuta apunguze mwendo.

Fyuuuu!

Mama mkwe akamgeukia. "Mkwe wangu, umenipigia mluzi?"

"Hapana, Mama! Haki ya Mungu si mimi!"

"Humu ndani tuko wangapi?"

Taratibu akaubana mdomo kwa vidole. Kona ya pili: fyuuuu! Mwanamke aliyekuwa akivuka na beseni la nguo akamtazama Taratibu toka juu hadi chini, akasonya. Mama mkwe akasimamisha gari, akashuka, akarudi kwa miguu.

Jioni mkewe alimngoja mlangoni. "Mama yangu mzazi?"

Asubuhi Taratibu alikuwa gereji kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye habari zilishamfika. Fundi alifungua boneti akiwa amenuna.

"Washa."

Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda tena huku ikipiga mluzi, kama mtu anayezunguka chumbani akitafuta miwani. Fundi akachukua chupa ya kunyunyizia maji, akapitia mipira ya hewa mmoja mmoja. Alipofika kwenye mmoja uliojificha nyuma ya injini, mluzi ukakatika na injini ikatulia. Fundi akacheka mpaka akashikilia gari asianguke.

"Shemeji, umesalimika! Mpira umepasuka. Injini inavuta hewa ya wizi hapa, haijapita kwenye sensa, kile kifaa cha kupima hewa. Kompyuta ya gari inashangaa hewa hii imetoka wapi, inaongeza mafuta kuilinganisha, injini inapanda wakati hujakanyaga kitu. Na ukiinua mguu ndiyo inavuta kwa nguvu, inapiga mluzi."

"Kwa hiyo ndiyo maana halizimiki?"

"Litazimikaje na linakimbia lenyewe? Ungempa hata mbuzi angeondoka nalo."

Mpira mpya ulipofungwa, Taratibu alimkokota shemeji hadi kwa mama mkwe kutoa ushahidi. Mama mkwe aliuchukua mpira uliopasuka, akaupuliza, ukalia. Ndipo akasamehe.

Wakaingia garini, yeye na mkwewe. Taratibu akaomba aanze yeye, aonyeshe mfano. Akaachia klachi kama alivyozoea. Gari likaruka kama chura, likazima. Akawasha. Likaruka, likazima. Mama mkwe aligeukia dirishani asimwaibishe mkwewe, ila mabega yalikuwa yakimtikisika.

Wiki hiyo kila mwanafunzi alizimisha gari, na magari ya nyuma yakapiga honi mpaka zikakauka. Taratibu hakuwa na la kufanya ila kufundisha kweli. Akawapeleka uwanjani, akawaambia wasikilize injini: sauti yake ikianza kushuka, shikilia klachi hapo hapo, ongeza mafuta kidogo. Alitoka jasho, na yeye mwenyewe akawa anajifunza upya. Mama mkwe alibisha kuliko wote, na ndiye aliyeelewa wa kwanza. Siku ya mtihani aliondoa gari kwenye mlima bila kurudi nyuma hata kidogo, akapata leseni, mkewe Taratibu akapiga vigelegele.

Haukupita muda akaja kumwonyesha mkwewe gari lake mwenyewe. Otomatiki. Klachi haimo hata ya dawa.

"Mama! Na taabu yote ile?"

"Nilitaka kujua, nimejua," akasema, akafunga mlango. "Sasa sogea hapo, nisije nikakukanyaga."